Upande wa Pili wa Mashini

Bamama wa kwenye bomba la maji walisema mwenyewe wa ile kompyuta amekufa. Jina lake hakuna aliyelijua, wala kijiji chake. Walijua tu kwamba ilishuka na boti kutoka Kazimia, ikauzwa Fizi kwa haraka, na kwamba nyumba itakayoiweka itaingia kilio.

Dorothée alirudi na bidoni ya maji kichwani, na maneno hayo yakarudi naye. Aliyafukuza kwa ufagio, akayafukuza kwa kutwanga majani ya mihogo ya sombe, yakakaa. Maana kompyuta iliyonunuliwa Fizi, iliyotoka Kazimia, ilikuwa hapa Baraka, mezani kwake, chini ya kitambaa alichokishona yeye mwenyewe. Na Tania, mtoto wake wa pekee, alikuwa akiitumia kutwa kuwaandikia wanafunzi kazi zao.

"Mu hii mashini muko bantu babili," alimwambia binti yake.

Tania akacheka. "Mama, haiko bantu. Ni pande mbili. Angalia." Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, mistari miwili ikatokea. "Ule wa juu ni Linux, wangu, njo ule natumikia kila siku. Wa chini ni Windows ya mwenyewe wa zamani. Aliufunga na neno la siri. Siugusi."

"Kwa nini usiufute?"

"Vitu vya marehemu, mama? Si we njo ulinifundisha: hata sahani yake haiguswe kama ndugu zake habayakaa kugawa vitu."

Dorothée akakubali. Alisoma mpaka mwaka wa nne tu, lakini neno lake mwenyewe alilitambua.

"Basi ubarudishie," akasema. "Sitaki kilio cha bantu mu nyumba yangu."

Alisema hivyo asubuhi, akasema mchana, akasema Jumapili wakitoka kanisani, mpaka Tania akachoka. Akachomeka disiki ndogo ya pembeni, akaiacha mashini inanguruma saa mbili nzima, betri ya solar ikabaki kidogo izime.

"Hii ni imaji," alieleza. "Disiki nzima, pande zote mbili, vile iko leo. Hata mashini iungue, ntairudisha yote mu ingine. Kesho naenda Fizi kwa ule aliniuzishia, anionyeshe ndugu ya marehemu. Hii njo ntabapa."

Akaondoka Jumatatu alfajiri kwa piki, disiki ndani ya sakoshi yake ya begani. Kompyuta ikabaki mezani. Mama akamshukuru Mungu.

Saa nne asubuhi hiyo mwanamume alipiga hodi. Shati jeusi, kichwa kimenyolewa, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Mama, naitwa Willy. Yaya wangu, kaka yangu mukubwa, alikufa. Nasikia mashini yake iko hapa."

Dorothée hakuuliza kitu. Mtu wa kilio haulizwi. Alimpa kiti, akampa maji, akalia naye kidogo kama inavyotakiwa, kisha akaleta ugali wa bukari na samaki wadogo, ndagala. Kwa mtu mwenye msiba, Willy alikula vizuri.

Baadaye aliwasha mashini, akachagua mstari wa chini, akajaribu neno. Ikakataa. Akajaribu mara mbili nyingine. Ikakataa. Hakukasirika. Alitoa kifaa kidogo mfukoni, akakichomeka ubavuni.

"Tuifute tu, mama. Tukiona vitu vyake, machozi itarudia."

"Hata picha zake hutaki?"

"Hata picha."

Kazi haikuchukua muda. Mashini ilipowashwa tena, hapakuwa na mstari wa chini. Na wa juu haukuwapo.

Dorothée akaweka mikono kichwani. "Yesu! Na kazi ya batoto ba bantu?"

Willy akainama. "Nimekosa, mama. Nimeharibu kazi ya mutoto wako, dada yangu."

Mama hawezi kumtazama mfiwa akijilaumu mbele yake. "Acha, mutoto wangu, usijisumbue. Tania ni fundi. Alitoa imaji ya yote, na upande wa yaya wako iko mulemule. Ameenda nayo mu sakoshi. Akifika ataiweka tena, kama vile haikufutwa."

Mikono ya Willy, iliyokuwa ikifunga mkoba, ikasimama. "Yote?"

"Yote, baba."

"Kweli ni fundi," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Dorothée alimsindikiza mpaka barabarani, kama inavyostahili mgeni, akarudi na mwili mwepesi. Kilio kimetoka nyumbani mwake. Akaosha sahani akiimba.

Mchana mtandao ukarudi, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Tania aliutuma tangu asubuhi. Nyuma ya sauti yake piki ilikuwa ikiunguruma.

"Mama, mwenyewe wa mashini nimemupata! Hakufa. Anaitwa Isidore, alizaliwa peke yake, hana yaya, hana mudogo. Anajificha sababu ya majina ya bantu aliandika mule mu mashini. Kuko benye banamutafuta, njo banasemasema amekufa. Niko naye ku piki, tunakuja kwako. Usiambie muntu."

Dorothée akapiga namba ya Tania. Akapiga tena. Akapiga tena.

Mama unayesoma, jiepushe na haya:

Usiweke nyumbani mashini ambayo humjui mwenyewe wake.

Usilie na mtu ambaye hajataja jina la marehemu wake.

Usimwamini mtu kwa kichwa kilichonyolewa.

Usitaje mbele ya mgeni mahali imaji ilipo.

Na ukimsindikiza, akikuuliza kwa upole, usinyooshe kidole kwenye ile njia ya mashamba ya mihogo ambayo mtoto wako anapitia akirudi.