Samli ya Antonia

"Kwa hiyo leo samli si sumu tena?"

Neema, afisa lishe aliyehamia Karatu wiki mbili zilizopita, alishusha bango lake la picha za mboga. Mzee mwenye koti jeusi alikuwa amesimama katikati ya akina mama waliokaa kwenye majani, nje ya zahanati ya kijiji.

"Kidogo haidhuru, babu. Hayo mafuta magumu ya kopo, yaliyogandishwa kiwandani, ndiyo tunawaomba muache. Zamani ushauri ulikuwa tofauti. Utaalamu unabadilika."

"Unabadilika!" Mzee alicheka kicheko kikavu. "Mwaka tisini na nne alisimama mtaalamu hapo hapo ulipo, na bango kama lako. Akasema samli inaziba moyo, tununue mafuta ya kopo. Mke wangu Antonia akawa wa kwanza kumwaga samli yake hapa uwanjani, watu wote wakiona. Kibuyu cha kusukia maziwa akakipasua. Wenzake wakamfuata. Karibu miaka thelathini amepikia kopo. Mwezi wa pili moyo ukasimama."

Akina mama walitazama chini.

"Pole sana," Neema alisema. "Lakini huwezi kujua kama ni mafuta."

"Basi huyo mtu aje aulizwe. Asimame hapa, aseme alikosea. Siondoki mpaka umwandike kwenye taarifa yako."

"Babu, inatosha." Selina, mhudumu wa afya wa kijiji, alimshika mkono. "Mwache dada amalize."

"Niache!" Akajichomoa. "Na nyinyi mmekaa kimya miaka yote. Mnamwogopa?"

Akina mama wawili walianza kukunja kanga zao waondoke. Lilikuwa somo la kwanza la Neema kijijini hapo, na lilikuwa linamfia mikononi.

"Babu, kama umekuja kugomba, kilabu cha pombe kiko kule chini."

"Mimi nimezika, binti. Wewe umekuja na picha za nyanya."

Damu ikampanda Neema. Akafungua daftari kwa nguvu mpaka ukurasa ukachanika.

"Haya! Taja jina la huyo afisa. Naliandika sasa hivi, na Jumatatu linafika wilayani. Hata kama amestaafu, ataitwa."

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya daftari.

"Nakili hapo," alisema. "Usikosee herufi."