Tanzia ya Philomena

Kwa heshima na taadhima, dunia inatangaziwa kwamba albamu kuu kuliko zote katika historia ya roki ya Ireland ilirekodiwa Ballyfarna, kaunti ya Roscommon, katika kiangazi cha mwaka 1994.

Ilirekodiwa kwenye zizi la kukamulia. Katika wimbo wa tatu, ukisikiliza vizuri, ng'ombe anajisaidia.

Zizi lilikuwa la Peadar Heneghan. Mwimbaji na mpiga gitaa alikuwa binti yake Sorcha, mwenye miaka kumi na tisa. Ngoma zilipigwa na binamu yake Cathal, ambaye huongea mara mbili kwa mwaka. Besi ilipigwa na Fiachra, mwanafunzi wa bweni kwa mapadri, kijana mzuri wa sura, mnyenyekevu, na bingwa wa mizaha aliyewahi kupandisha mbuzi kwenye mimbari. Mimi nasimulia tu; sina upande.

Peadar alitoa masharti. "Zizi ni lenu baada ya kukamua asubuhi mpaka kukamua jioni. Lakini Agosti ikiisha na redio ya kaunti haijapiga hata wimbo mmoja, gitaa linakwenda darini na wewe unakwenda ofisi ya kiwanda cha maziwa. Shangazi yako ameshakuombea kazi."

"Watapiga, Baba."

"Na hizo kelele zitamuua Philomena."

Philomena alikuwa ng'ombe wake kipenzi. Ukweli ni kwamba siku waliyorekodi wimbo wa sita, maziwa yake yaliongezeka. Peadar akasema ni majani. Kesho yake alichungulia mlangoni na kuuliza, kwa ukali mwingi, kama ule wa sita wameumaliza au bado wataurudia.

Mkuu wa redio, Bwana Geraghty, aliisikiliza kaseti kwa dakika moja.

"Punguzeni gitaa, ongezeni kodiani," alisema. "Watu wa hapa wana masikio."

"Ndiyo maana tumewaletea gitaa," Sorcha akamjibu.

"Basi wapigieni ng'ombe!"

"Tulianza nao. Afadhali ng'ombe kumi na wanane wanisikie mimi, kuliko kaunti nzima imsikie mtu mwingine."

Akatoka bila kubadilisha hata noti moja. Usiku huo aliandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la kila kaseti: IMEKATALIWA NA REDIO. Zilibaki siku tatu.

Sasa, Roscommon kuna dakika tano ambazo hakuna anayethubutu kukohoa: tanzia za redio, saa tatu asubuhi. Trekta huzimwa. Vijiko husimama hewani. Redio haipokei tanzia kwa simu tangu mzaha fulani wa zamani, ambapo jina la Fiachra lilitajwa bila ushahidi. Ni lazima ndugu wa marehemu afike mwenyewe na kutia sahihi. Na wafiwa wakiomba wimbo, unapigwa. Mfiwa habishiwi, hata na Bwana Geraghty.

Jumanne, tarehe thelathini, sauti nzito ilisoma: "Philomena, wa kwa Heneghan, Ballyfarna. Ghafla, nyumbani kwake. Anaombolezwa na Peadar, Sorcha, na wenzake kumi na saba. Huu ndio wimbo alioupenda."

Wimbo wa sita ukalipuka kaunti nzima. Dakika nne kamili. Hakuna gitaa lililopunguzwa.

Haikufika saa nne, magari yalikuwa yamefuatana mpaka njia panda. Huku kwetu mtu huenda msibani kwanza, nani amekufa atauliza akishafika. Peadar alisimama mlangoni na suti yake ya Misa, akipokea mikono.

"Pole kwa msiba, Peadar," alisema jirani yao Nan Feeney, keki kwapani. "Alikuwa mtu mwema."

"Alikuwa mkaidi."

"Eh, basi alikuwa Heneghan kabisa."

Mara Philomena akalia kutoka malishoni, mlio mrefu wenye afya. Waombolezaji wakatazamana. Wengine wakaanza kutafuta funguo za magari. Lakini msibani haondoki mtu kabla ya chai, na Sorcha alilijua hilo. Alifungua milango ya zizi, akavaa gitaa.

"Mmekuja kukaa na familia," alisema. "Kaeni, basi."

Akawapigia nyimbo zote kumi. Birika lilichelewa kuchemka, sijui kwa nini. Kufikia wimbo wa nne mguu wa Nan ulikuwa unapiga sakafu wenyewe. Padre alisema hizo ni kelele za jehanamu, akaomba kaseti mbili. Kufikia Jumapili haikubaki hata kaseti moja, na gazeti moja la Dublin likaandika kwamba hiyo ndiyo albamu pekee ya mwaka yenye harufu. Ofisi ya kiwanda cha maziwa ikatafuta karani mwingine.

Aliyefanya mzaha ule alijulikana na wote, naye Fiachra hakukana. Alisimulia bwenini jinsi alivyobandika masharubu ya manyoya ya farasi, akajiita mpwa wa marehemu, akatia sahihi yenye mikia. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walimpigia saluti. Nimeisimulia habari hiyo mara arobaini. Yaani, ameisimulia.

Jana Sorcha alikuja kunitembelea shuleni. Alitoa mfukoni karatasi ya tanzia, ile yenyewe, aliyopewa na karani wa redio, akailaza mbele yangu juu ya daftari hili hili.

"Hebu nisomee hiyo sahihi, Fiachra."

Haya. Fiachra ni mimi. Masharubu yalikuwepo kweli, yakaloa jasho mfukoni mwangu. Nilifika redioni saa mbili na nusu, na mbele yangu kwenye foleni alikuwa amesimama Peadar Heneghan, suti ya Misa mwilini, kofia na kaseti mkononi, akimtajia karani, herufi moja moja, jina la ng'ombe wake.