Kiherehere Akata Msafara

Yule bingwa wa njia ambaye siafu wote leo wanamtaja kwa heshima, utotoni walimwita Kiherehere, maana hakutulia miguu wala mdomo. Siafu hutembea kwa kunusa harufu ya aliyetangulia, basi. Siku moja walitembea tangu alfajiri bila kuona chakula, na wachanga wakaanza kuanguka kwa njaa. Kiherehere akamuuliza shangazi yake aliyekuwa mbele yake:

"Shangazi, bawa lile la panzi si tulilipita asubuhi?"

"Nusa, utembee! Mdomo huo utakuua kabla ya njaa."

Kiherehere akaling'ata bawa, akaacha alama ya meno. Jua lilipokuwa utosini, bawa likatokea tena, na alama ya meno yake ipo palepale.

"Shangazi, tunazunguka! Wa mbele anamnusa wa nyuma!"

"Wakubwa wote hawa wakosee, upatie wewe?"

Kiherehere akaparura mchanga, akaifukia harufu. Msafara ukakatika, siafu wakatawanyika wakilia kwamba wamepotea, na katika kupotea huko wakaangukia mzoga wa mjusi. Wakala wakavimba matumbo.

Kiherehere aliponyanyuka, wote wakajipanga nyuma yake, Shangazi wa kwanza.

"Mnanifuata wapi, Shangazi? Mimi naenda kujisaidia."