Waya Nyuma ya Kabati

Mshale wa kipimo ulipanda vizuri tu. Bibi alishuka kwenye stuli akisonya. Laini ilikuwa nzima mpaka kwenye boksi la ukutani nje, kwa hiyo kampuni ya simu haikuwa na kosa. Ubovu ulikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa wiki mbili simu haikuwa imelia, na kwa wiki mbili hakuwa ameisikia sauti ya mwanawe, aliyefanya kazi mji wa mbali na kupiga kila Jumapili. Mkwewe, mke wa mwanawe huyo, alikuwa na jibu lile lile: "Wamesema watakuja, mama." Mtu aliyepanda nguzo za simu miaka thelathini hadanganywi hivyo kirahisi.

Nyaya zote za nyumba ile alizipitisha yeye, za umeme na za simu, chumba kwa chumba. Mwaka jana, kwa furaha ya mzazi, akaiandikisha nyumba kwa jina la mwanawe. Sasa alifuata waya kwa vidole, juu ya mlango, akateremka nao kwenye pembe mpaka nyuma ya kabati la vyombo. Alilisukuma kabati kwa kiuno, akachungulia.

Waya ulikuwa umekatwa. Si panya, panya hana mkasi. Na kila ncha ilikuwa imevishwa utepe wake peke yake, zisije zikagusana.

Bibi aligusa utepe kwa kidole. Kazi ile aliijua, maana aliifundisha mwenyewe pale pale mezani: zima swichi kuu kwanza, pima kabla ya kushika, usiache ncha uchi hata kama ni ya simu. Mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu.

Mkwe aliingia na beseni la nguo zilizokauka, akaliona kabati, akasimama.

"Nani amekata huu waya?"

"Mimi, mama."

"Wewe!" Bibi alimnyooshea ncha ya waya. "Nimekulea kama binti yangu. Nimekupa na ufundi wangu. Ndiyo unautumia kuninyima mwanangu?"

"Mama, uache hivyo hivyo. Siku mbili tatu tu, nakuomba. Nikishapata chumba nitakueleza."

"Ahaa, kumbe una mpango wa kuhama! Na ulitaka kuniachia nyumba bubu?"

Mkwe aliweka beseni sakafuni. Machozi yalimtoka.

"Basi usingoje siku tatu. Fungasha virago vyako sasa hivi. Mwanangu akipiga nitamwambia mke aliyemwoa ni nyoka."

Alifungasha. Mlangoni aligeuka, akamtazama Bibi, kisha akaenda zake na begi moja. Bibi hakumsindikiza hata kwa macho. Moyo ulimuuma kuliko alivyotaka kukiri, kwa sababu alimpenda yule msichana, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Hata kwa hasira zile hakuacha utaratibu. Alitoka nje kwanza akachomoa laini kwenye boksi, ndipo akarudi, akachuna ncha, akasokota shaba kwa shaba, akafunga utepe mpya. Akaenda tena nje kuirudisha laini. Kisha akavuta kiti karibu na simu, akatandaza kanga mapajani na kungoja.

Hakungoja sana. Simu ililia, naye akairukia kama msichana, pumzi zimempaa, hata sauti ikachelewa kutoka.

"Hatimaye umepokea!" Alikuwa mwanawe, tena kwa ukali. "Mke wangu, wiki mbili nzima unanikimbia? Sikiliza, nyumba nimeshaiuza, wenye nyumba wapya wanahamia keshokutwa. Huyo mama umeshamtoa, au bado unamtetea?"