Bosi wa Jikoni

Niliacha kazi kiwandani nijiajiri kama fundi bomba, maana nilichoka kuwa na bosi. Kumbe sheria inataka kila aliyejiajiri asimamiwe na nakala yake mwenyewe ya kompyuta. Watu wa serikali wakaifunga yangu kwenye ukuta wa jikoni, ikiwa na sauti yangu na kumbukumbu zangu zote.

Leo asubuhi mteja alipiga simu, maji yamefurika sebuleni kwake.

"Niko njiani, mama, nakaribia kabisa," nikamwambia.

"Bado anakunywa chai," ukuta ukadakia, mteja akasikia. "Hata viatu hajavaa."

"Mbona unaniharibia kazi?" nikafoka.

"Nakujua, Shomari. Na Jumapili huendi harusini kwa shemeji yako. Una kazi."

"Tunu, unamsikia huyu?"

Mke wangu alikuwa anamenya viazi, wala hakugeuka. "Mwache. Yeye angalau nikimuuliza kitu ananiambia ukweli."

Nikavaa viatu kwa hasira, nikabeba boksi langu la vifaa. Nilipofika mlangoni, mwanangu akaita kutoka chumbani, "Baba!"

"Naam!" tukaitika wote wawili.

"Namwita wa jikoni," akasema. "Wewe nenda tu kazini."