Kifurushi cha Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi Tumu aliletewa kifurushi mlangoni: kidonge kisicho na jina na rangi ya mdomo isiyo na jina. Ndiyo sheria. Wenye matumbo yasiyostahimili gluteni, ile protini ya ngano, ndio waliopima kama imejificha kwenye dawa na vipodozi vya nchi nzima, kwa kuwa mashine hudanganyika, tumbo halidanganyiki. Tumu alikuwa akimeza, akipaka, kisha akijilaza mkekani kusubiri. Tumbo likisokota, alibonyeza kitufe kilicholetwa na kifurushi, na shehena nzima ikateketezwa mahali asipopajua. Siku hizi maumivu aliyasikia kama mvua juu ya bati la jirani.

Jumatatu hii vifurushi vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa cha binti yake, Nargisi, aliyetimiza miaka saba juzi, akapimwa, akakutwa na tumbo la mamake.

"Tuwaandikie wamsamehe," alisema mumewe, Shaweji, macho kwenye sahani ya mihogo.

"Wa nyumba ya tatu waliandika," Tumu alijibu. "Mtoto wao sasa analetewa viwili."

Nargisi, aliyekatazwa rangi ya mdomo tangu azaliwe, aliipaka mpaka mashavuni.

"Mama, nimependeza?"

"Umependeza, mwanangu."

"Nikiumwa, nitakuwa nimefaulu au nimefeli?"

Tumu alijaribu kukumbuka yeye aliambiwaje alipokuwa na umri huo. Hakukumbuka. Akammiminia maji ya kumezea, akatandika mkeka wa pili kando ya wake, na beseni akaliweka katikati.