Mkeka wa Mbele

Mkeka wa mbele haukaliwi na mtu. Ni mkuukuu, umetatuka pembeni, na juu yake kuna shali nyeupe iliyokunjwa vizuri. Kila asubuhi wanafunzi wa yoga ya Kundalini, fundi cherehani, dereva wa lori, muuguzi na wenzao, huuinamia kwanza, ndipo huimba mara tatu kuwaita walimu waliotangulia.

Mkaguzi aliyefika siku hiyo kutoka makao makuu hakuuona. Macho yake yalikwenda moja kwa moja ukutani, kwenye msumari mtupu.

“Picha ya Mwalimu Mkuu iko wapi?”

“Stoo, nyuma ya ndoo,” mwalimu alijibu.

Mkaguzi aliushika mkoba wake. Mkobani alikuwa na barua ya kuufunga ukumbi, na mwalimu alilijua hilo. Miaka kumi na miwili alikuwa hapo, kazi nyingine hana. Aliogopa sana, ila hakuwa tayari kumwonyesha.

“Silsila yetu ya walimu inatoka kwake,” mkaguzi alisema. “Bila yeye mnanyoosha viungo tu. Na daftari la silsila ninalo mimi. Nimeshafuta majina ya wakaidi, nitafuta na lako.”

“Kaa darasani kwanza, mzee. Ukimaliza utaniambia kama humu hamna kitu.”

Alikaa nyuma, amejikunyata kama mtu aliyefika msibani asimjue marehemu. Akaona watu wakiinama. Kisha ikaanza pumzi ya moto, kupumua kwa kasi puani, matumbo yakienda mbio, na ukumbi ukajaa kitu ambacho hata yeye, na ubishi wake wote, alishindwa kukikana. Machozi yakamtoka. Darasa lilipokwisha alisogea mbele, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa ile shali.

“Kumbe mmemwekea Mwalimu Mkuu mahali pake,” alisema. “Si mngeniambia tangu mwanzo.”

“Umehisi kuna mtu?”

“Yupo, mwalimu. Yupo kabisa.”

Akaichana barua. Akatoa fomu ya kibali cha miaka mitano, akatafuta kalamu. Fundi cherehani alimkanyaga mwalimu mguu kidogo.

“Nyamaza, dada,” alinong'ona.

Kalamu ikagusa karatasi.

“Huo mkeka ni wa mdogo wangu,” mwalimu alisema. “Yule uliyemfuta daftarini siku aliposema Mwalimu Mkuu alimfanyia nini.”